Somo la Historia: Maji ya Kagera, Umeme wa Jinja na Biashara ya Mataifa



Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maji. Nataka tuyafuate maji yanayotoka katika vilima vya Muleba na Bukoba, tuone yanakwenda wapi, yanafanya kazi gani, nani huamua yafanye kazi hiyo, na yanarudi kwetu kwa namna gani. Tukifika mwisho utaona kwamba taa ya umeme inayowaka katika duka la Muleba ina habari ndefu nyuma yake, na kwamba biashara ya nchi na nchi imo katika kila sehemu ya habari hiyo.

Njia ya maji

Tuanze na njia yenyewe. Mto Ngono unapita katika wilaya za Muleba na Bukoba kuelekea kaskazini, nao unaingia katika mto Kagera. Huo Kagera ni mto wa nchi nyingi. Vijito vyake vya mbali viko Burundi na Rwanda. Unaanguka kwa kishindo pale Rusumo, kisha unakwenda kaskazini ukiacha Karagwe na Kyerwa upande wa mashariki, halafu unageuka kufuata mpaka wa Uganda, unapita Kyaka, na mwisho unaingia katika Ziwa Viktoria ndani ya nchi ya Uganda, hatua chache tu kutoka mpaka wetu.

Ziwa hili ni pana kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800. Katika kila sehemu tano za maji yanayoingia ziwani, kama sehemu nne huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito yote pamoja huleta sehemu moja iliyobaki. Lakini katika mito hiyo mkubwa ni Kagera, maana peke yake huleta kama theluthi ya maji ya mito yote. Maji mengi hupanda angani kwa jua. Yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Hapo ndipo mto Nili unapoanza safari ya kwenda Sudani na Misri.

Basi kumbuka maneno haya mawili: milango ya kuingilia ni mingi, mlango wa kutokea ni mmoja. Mwenye kushika mlango wa kutokea ndiye mwenye kushika kina cha ziwa. Somo letu lote limo katika maneno hayo.

Pamba ilikuja kwanza

Labda utauliza: biashara inaingiaje katika maji ya ziwa? Jibu lake linaanza mbali na Bukoba.

Kati ya mwaka 1861 na 1865 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe. Viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vilikuwa vikitegemea pamba ya Marekani, na pamba hiyo ikakosekana. Bei ikapanda sana, na wakulima wa Misri wakafungua mashamba mengi ya pamba. Sasa pamba ya Misri inataka maji wakati wa joto, wakati ambapo mto Nili huwa umepungua. Kwa hiyo maji ya kiangazi yakawa mali ya thamani kubwa. Mwaka 1882 Waingereza waliikalia Misri. Baadaye, mwaka 1925, bwawa la Sennar likamalizika huko Sudani ili kunywesha mashamba makubwa ya pamba ya Gezira.

Kutokana na mambo hayo ulizaliwa mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri. Katika mkataba huo Misri ilitengewa mita za ujazo bilioni 48 kila mwaka, na Sudani bilioni 4. Tena iliandikwa kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza isijengwe kazi yo yote juu ya Nili, wala juu ya mito yake, wala juu ya maziwa yake, ya kuweza kupunguza maji ya Misri, bila ya Misri kukubali. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza kwa amri ya Shirika la Mataifa. Mkulima wa kahawa wa Kanyigo au Kamachumu hakuulizwa neno. Huenda hata habari hazikumfikia. Walakini tangu siku ile maji ya Ngono na ya Kagera yalikuwa yamekwisha kuandikiwa mtu mwingine.

Bwawa la Jinja

Sasa tuje kwenye umeme. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uganda ilitaka viwanda. Iliona kwamba Jinja pana maporomoko mawili yaliyofuatana, ya Ripon na ya Owen, na maji hayo yakianguka yanaweza kuzungusha mashine za umeme. Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri ya Umeme ya Uganda. Lakini kwa sababu ya mkataba wa 1929, Misri ilibidi iulizwe kwanza. Misri ikakubali, tena ikatoa fedha ili ukuta wa bwawa uongezwe kimo kwa mita moja, ziwa lipate kuwa ghala la maji ya mashamba yake. Bwawa la Owen lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954.

Zamani maji yalitoka ziwani kwa kuvuka kizingiti cha mwamba pale Ripon. Ziwa likijaa, maji mengi yalivuka. Likipungua, machache yalivuka. Mwamba ulikuwa bawabu wa ziwa, wala haukupokea amri ya mtu. Mwamba ulipoondolewa na bwawa kujengwa, bawabu akawa mwanadamu. Ili asiharibu mambo, ilikubaliwa kwamba atoe maji kwa kipimo kile kile ambacho mwamba ungaliyatoa. Huo ndio utaratibu wa kutoa maji uliokubaliwa na nchi zile mbili. Tafadhali ushike vizuri, maana tutaurudia.

Je, umeme huo ulifanya kazi gani? Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya machimbo ya Kilembe ikaanza kuletwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa, halafu ikapelekwa Mombasa kuuzwa ng'ambo. Kiwanda cha nguo nacho kikafunguliwa Jinja. Tena, kabla ya miaka ya 1950 kwisha, waya zilikwisha kuvutwa kuupeleka umeme Nairobi, na Kenya ikawa mnunuzi. Kwa hiyo maji ya ziwa yalianza kusafiri kwa njia mbili ambazo macho hayazioni: ndani ya shaba, na ndani ya waya.

Hesabu ya maji

Hapa tufanye hesabu kidogo. Pale Owen maji huanguka kama mita 20. Kwa kimo hicho, ili kupata uniti moja ya umeme, yaani ile uniti unayolipia wewe katika mita yako, lazima zipite kama tani 20 za maji. Debe moja huchukua lita 20. Basi uniti moja ni madebe elfu moja ya maji.

Labda utasema: lakini mashine haiyanywi maji hayo, yanapita tu. Ni kweli. Maji yanayotoka chini ya mashine ni yale yale yaliyoingia juu. Lakini yakishapita hayarudi tena ziwani. Kwa hiyo linaloamuliwa pale bwawani ni wakati wa kuyatoa maji na wingi wake. Mwenye ghala la mahindi akiuza gunia la leo, la kesho halimo tena. Ndivyo ilivyo kwa ziwa. Na bei ya umeme, au njaa ya umeme, ikimsukuma mwenye ghala auze upesi, majirani wote huona ghala likipungua.

Uhuru na mikataba ya zamani

Tanganyika ilipata Uhuru mwezi Desemba 1961. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia serikali za Uingereza, Misri na Sudani kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba wa 1929. Maana yake ilikuwa nyepesi: mtoto aliyekua hawezi kulipa deni ambalo mlezi alilikopa kwa ajili ya nyumba nyingine. Wakati huo Misri na Sudani zilikuwa zimekwisha kugawana maji ya Nili baina yao katika mkataba wa mwaka 1959, Misri bilioni 55 na nusu, Sudani bilioni 18 na nusu. Nchi za juu hazikupewa hata tone katika karatasi hiyo.

Iliwachukua watu miaka mingi kuketi pamoja. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikaingia mwaka 1981. Mwezi Februari 1999 nchi za bonde la Nili zilianzisha umoja wao Dar es Salaam. Mkataba mpya wa ushirikiano ulitiwa sahihi Entebbe mwezi Mei 2010, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi nne za kwanza, nao ukaanza kufanya kazi mwezi Oktoba 2024. Misri na Sudani hazikuutia sahihi.

Umeme unarudi nyumbani

Wakati Jinja inawaka, Bukoba ilikuwaje? Mji wetu ulipata umeme kwa mitambo ya dizeli. Dizeli ilitoka ng'ambo, ikashushwa bandarini pwani, ikasafiri mamia ya maili mpaka kufika kwetu. Mwaka 1973 vita vilipotokea Mashariki ya Kati, bei ya mafuta ilipanda kama mara nne katika muda mfupi. Kahawa yetu ilipaswa kuuzwa ili nchi ipate fedha za kununua dizeli. Tena mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ya kahawa ikaanguka. Ukitazama hesabu hiyo utaona kwamba mkulima alibanwa pande mbili: alichouza kilishuka, na alichonunua kilipanda.

Basi katika miaka ya 1990 umeme wa Uganda uliletwa kwetu. Waya zilitoka Masaka, zikavuka mpaka Mutukula, zikafika Kyaka, na kutoka hapo umeme ukaenea Bukoba na kushuka Muleba. Huo ndio mzunguko niliotaka uuone. Maji ya Ngono yanatoka Muleba, yanaingia Kagera, yanaingia ziwani, yanapita Jinja, na nguvu yake inarudi Muleba ndani ya waya. Yameondoka bure, yamerudi yakiwa na bei. Tena bei yenyewe ni ya biashara ya nchi na nchi, ambayo huhesabiwa kwa fedha za kigeni.

Sisemi haya kwa kulalamika. Umeme huo ulituletea faida. Samaki aina ya sangara hawezi kwenda Ulaya bila barafu, wala barafu haipatikani bila umeme. Kahawa nayo inakobolewa kwa mashine, na kiwanda cha Tanica pale Bukoba hutengeneza kahawa ya unga ya kunywa mara moja. Kwa hiyo tunaponunua uniti kutoka Uganda na kuuza minofu na kahawa Ulaya, tunanunua maji kwa mkono mmoja na kuyauza kwa mkono wa pili. Mfanyabiashara mwenye akili hujua ni kiasi gani kimepita katika mikono yake.

Ziwa lilipopungua

Sasa tuurudie ule utaratibu wa kutoa maji. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilizidi, na ziwa likapanda kama mita mbili na nusu. Baadaye wataalamu waliona maji ni mengi, wakapanga kituo cha pili kando ya kile cha kwanza. Kituo hicho kinaitwa Kiira, nacho kilianza kazi mwaka 2000. Kile cha zamani sasa kinaitwa Nalubaale. Vituo vikawa viwili, lakini ziwa ni lile lile moja.

Haja ya umeme ilikuwa inakua haraka. Kisha mvua zikapungua. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Wataalamu waliopima walisema kwamba ukame ulikuwa sababu ya karibu nusu ya upungufu huo. Nusu ya pili ilitokana na maji yaliyotolewa Jinja kuzidi kile kipimo kilichokubaliwa. Yaani bawabu alifungua mlango kuliko vile mwamba ungalivyofungua.

Mita moja inaweza kuonekana ndogo. Fanya hesabu: mita moja katika eneo la kilomita za mraba 68,800 ni mita za ujazo bilioni 68 na zaidi. Hayo ni maji mengi kuliko yote ambayo Misri ilijitengea kwa mwaka mzima katika mkataba wa 1959. Katika pwani za ziwa gati zilibaki juu, vyombo vikapata taabu kutia nanga, na mahali samaki wanapozalia, katika matete na mafunjo, pakakauka. Mvuvi wa visiwa vya Muleba hakuwa na kura katika jambo lililoamuliwa Jinja, lakini alilipa sehemu yake.

Mwisho wake maji yaliyobaki hayakutosha kuzungusha mashine zote, na Uganda ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli. Hapo tunaona sheria ya biashara: maji yakipungua, meli ya mafuta huchukua nafasi yake. Mwaka huo huo wa 2006 Tanzania nayo ilikuwa katika mgao wa umeme, kwa kuwa bwawa la Mtera lilikuwa limepungua sana.

Ziwa lilirudi kujaa. Mwezi Mei 2020 lilifikia kiwango kama cha 1964, na safari hii watu wa kando ya ziwa walihama kwa sababu ya maji kuwa mengi. Uganda nayo imejifunza kuyatumia maji yale yale mara nyingi: Bujagali tangu 2012, Isimba tangu 2019, na Karuma iliyozinduliwa 2024, zote ziko chini ya Jinja katika mto mmoja. Debe moja la maji likifanya kazi mara nne, hakuna haja ya kulitoa ziwani kwa pupa.

Rusumo: njia nyingine

Mfano wa mwisho uko katika mkoa wetu wenyewe. Maporomoko ya Rusumo yalifikiriwa tangu siku za lile Shirika la Bonde la Kagera. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa kazi hiyo, na mwaka 2023 mashine zilianza kutoa umeme. Nguvu yake ni megawati 80, nazo zinagawanywa sawa kwa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa upande wetu waya zinakwenda mpaka Nyakanazi na kuungana na gridi ya taifa.

Tazama tofauti. Jinja, watu wawili waliafikiana juu ya maji ya watu wengi, na sisi tukaja kuwa wanunuzi. Rusumo, nchi tatu zenye maji ndizo zenye mashine. Mto ni mmoja, biashara ni ile ile ya umeme, lakini mapatano ni mengine. Kwa hiyo tusiseme kwamba biashara ya mataifa ni mbaya kwa maji au ni nzuri kwa maji. Tuulize: nani aliketi mezani wakati kipimo kinapangwa?

Ndiyo maana somo hili linakuhusu wewe. Mikataba ya maji huonekana ni kazi ya mawaziri na wahandisi. Lakini ziwa likishuka, anayeona kwanza ni mvuvi. Mto ukichafuka, anayeona kwanza ni mkulima wa bondeni. Bei ya uniti ikipanda, anayeona kwanza ni fundi cherehani na mwenye mashine ya kusaga. Mtu anayejua njia ya maji yake anaweza kumwuliza diwani wake na mbunge wake swali la maana. Asiyejua atabaki kununua tu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Eleza kwa maneno yako njia ya maji kutoka mto Ngono mpaka Jinja, na njia ya umeme kutoka Jinja mpaka Muleba.

2. Kwa nini pamba ya Misri iliathiri mambo ya ziwa letu?

3. Nyumba yako, au shule ya kijiji chako, hutumia uniti ngapi kwa mwezi? Kwa kipimo cha bwawa la Owen, hayo ni madebe mangapi ya maji?

4. Waulizeni wazee wa kando ya ziwa: maji yalifika wapi mwaka 1964, 2006 na 2020? Pimeni kwa hatua na kuandika katika daftari la kikundi.

5. Kama ungeitwa katika mkutano wa kupanga kipimo cha kutoa maji Jinja, ungesema nini kwa niaba ya watu wa Bukoba na Muleba?

Jadilianeni kwa utulivu, kila mtu apewe nafasi, na katibu aandike majibu.